Mfuko wa Nia na Maono ya Fundi Kanzu

Parokia ilikuwa na waumini elfu tatu na ushei, na kati yao wote hakuna hata mmoja aliyesikilizwa mbinguni upesi kama Fundi Kanzu! Maneno hayo ni ya Fundi Kanzu mwenyewe. Alikuwa akiyasema kila siku akiwa na futi ya kupimia mkononi, mteja kasimama mbele yake mikono juu, hana pa kukimbilia.

Jina alilipata kwa kazi. Alishona kanzu za mapadri, za watumishi wa altare, na majoho ya kwaya mbili zisizosalimiana. Mkewe, Mama Vifungo, alikaa kiti cha pili dukani. Alitia vifungo, alikunja pindo, na alifumua pale mumewe alipokosea. Kufumua kulikuwa kwingi, ila wateja hawakuambiwa.

Sasa mwezi ule Fundi Kanzu alishikwa na homa ya uenyekiti. Halmashauri ya walei ilikuwa inatafuta mwenyekiti mpya, na uchaguzi ungefanyika Jumapili ya kwanza baada ya watu kurudi kutoka hija ng'ambo. Wagombea walikuwa wawili tu: yeye na Mkunga, mama mstaafu ambaye nusu ya wapiga kura walizaliwa mikononi mwake.

"Utashindanaje na mtu aliyekuona siku ya kwanza huna hata nepi?" walimtania.

"Kuzalisha ni mikono!" akajibu Fundi, akijigonga kifuani. "Uongozi wa roho ni karama!"

Basi akajiandikisha hija, akamwandikisha na mkewe, maana nani angembebea begi? Mahujaji walikuwa thelathini na tisa, na Paroko wa arobaini. Wote ni wale wenye midomo parokiani, wale ambao wakikusifu umesifika na wakikunyamazia umekwisha. Fundi alipiga hesabu kwamba akiwapata hawa, kiti ni chake.

Kabla ya safari Paroko alimpa kazi. Ashone mfuko wa kitambaa cheupe uliofungwa pande zote, wenye mwanya mwembamba tu juu wa kupitisha karatasi iliyokunjwa. Huo ndio mfuko wa nia. Kila hujaji angeandika ombi lake bila jina na kulitumbukiza humo, siku yoyote ya hija. Siku ya mwisho mfuko ungewekwa altareni na kuchomwa moto vilevile ulivyo.

"Yaliyomo humo ni ya mtu na Mungu wake," alisema Paroko. "Hata mimi sitaangalia. Fundi, wewe utaubeba."

"Padri, nitaulinda kama mboni ya jicho!"

Na kweli aliulinda. Kwenye ndege alikataa kuuweka juu na mabegi ya watu wa kawaida, akaupakata njia nzima. Alimsahihisha mhudumu namna ya kukunja blanketi, na aliwaeleza abiria wa viti vya jirani, watu wasiojua lugha yake hata neno moja, kwamba yeye ni mtu mkubwa kwao. Wale abiria walitikisa vichwa kwa adabu na kurudia usingizi wao.

Siku ya kwanza patakatifu, zamu ya kutoa tafakari ilikuwa ya Mkunga. Alisimama, akafikicha macho, akasema: "Mimi nimepokea watoto wengi. Kila mmoja alikuja amekunja ngumi, kana kwamba kuna kitu kashikilia. Nami mpaka leo bado nimekunja yangu. Nimekuja hapa kujifunza kuifungua." Akaketi. Dakika mbili, hazikuzidi hata kwa nukta moja! Watu wakatafuta leso. Bwana Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene asiyelia hata msibani, alilia mpaka miwani ikaingia ukungu.

Fundi Kanzu akaona kura zinavyomponyoka.

Siku ya pili ikawa zamu yake. Alichagua kutafakari ile kanzu ya Bwana isiyo na mshono. Alianza vizuri. Lakini dakika ya kumi alikuwa bado anaeleza upana wa kitambaa, dakika ya ishirini alikuwa ameingia kwenye mikono, na ilipofika nusu saa alitangaza kwamba yeye, kwa cherehani yake na umeme usiokatika, angeweza kuitoa kanzu kama ile kwa siku mbili!

Bwana Saruji alikoroma. Haukuwa mkoromo wa kificho. Alikoroma kwa sauti kubwa hadi mahujaji wa kundi jingine wakageuka.

"Asante, Fundi," alisema Paroko kwa upole. "Kesho utajaribu tena. Lakini fupi, baba. Na iguse maisha ya watu."

Iguse maisha ya watu! Sentensi hiyo ilimkaa Fundi kichwani kutwa nzima. Atayagusaje maisha ya watu wakati watu wenyewe hawamwambii maisha yao? Wanamwambia kiuno na urefu wa mkono basi! Asubuhi yake, wenzake walipokuwa chini wanakunywa chai, aliutazama mfuko wa nia kitandani, na mfuko nao ukawa kama unamtazama.

Aliubeba mpaka bafuni, akafunga mlango kwa komeo, akaketi juu ya kifuniko cha choo.

"Mimi sisomi siri za mtu," alijiambia kwa sauti ya chini. "Naangalia tu uzito wa mzigo nilioubeba. Daktari anatibu bila kumwuliza mgonjwa panapouma?"

Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Mtu mwingine angeuchana mfuko akakamatwa asubuhi hiyohiyo. Yeye alifumua mshono wa chini uzi kwa uzi, kwa ncha ya wembe wa kunyolea, akazitoa karatasi, akazisoma, akazirudisha. Kosa lilikuwa moja. Fundi mzima aliyesafiri na viatu jozi nne hakubeba hata kipande cha uzi! Juu ya sinki palikuwa na kile kipakiti cha sindano wanachowekewa wageni wa hoteli, na uzi wake ulikuwa wa buluu. Akashona na huohuo. Ni chini ya mfuko, nani ataangalia chini ya mfuko?

Saa nne mahujaji walikusanyika kwenye chemchemi ya maji ya baraka, kila mtu na kikombe chake. Fundi Kanzu alisimama mbele yao. Hakuwa na karatasi wala Biblia. Alifumba macho, akanyoosha mkono, vidole vikatetemeka.

"Namwona mtu," alisema kwa sauti nzito ambayo hakuwa nayo jana. "Ni mkubwa wa mwili, lakini moyoni anatetemeka. Anaogopa kurudi hewani! Ndege inamtia hofu, na ameona haya kumwambia mtu!"

Kikombe cha Bwana Saruji kilianguka kwenye mawe.

"Namwona na mama mmoja... Ana mwana. Mwana huyo miaka mitatu hapigi simu. Mama kila akisikia simu ya jirani inalia, anadhani ni yake."

Mwalimu Mkuu, mwanamke mkakamavu ambaye shuleni kwake hata walimu wenzake walimwogopa, aliinama akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Jambo hilo hakuwa amemwambia hata dada yake wa tumbo moja. Alilia kilio cha mtu aliyekibeba kitu kwa muda mrefu mno.

Fundi aliliona hilo, na moyo ulimchoma. Kwa nukta moja aliona haya ya kweli. Lakini nukta hiyohiyo Bwana Saruji alimkumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi, huku anapaza sauti, "Nabii! Tunaye nabii na hatukujua!" na ile haya ikapotea kwenye shangwe.

Mambo yakabadilika! Nabii akapewa kiti cha dirishani kwenye basi. Mayai yake ya chai yaliletwa yamekwisha kumenywa. Watu walimpisha kwenye lifti, wengine wakamgusa koti kisirisiri. Bwana Saruji alisema waziwazi kwamba uchaguzi wa Jumapili sasa ni kupoteza karatasi, mwenyekiti amekwisha kuteuliwa na mbingu. Mkunga alikuwa amekaa karibu na Mwalimu Mkuu, kamshika mkono.

Paroko naye alimvuta Fundi pembeni. "Fundi, mambo haya unayapata wapi?"

"Yananijia tu, Padri."

"Yanakujia saa ngapi?"

"Asubuhi. Nikiwa bafuni."

Paroko akaenda zake akikuna kidevu.

Jioni Mama Vifungo aliketi ukingoni mwa kitanda akimnyooshea shati la kesho. "Baba watoto, kuna jambo nataka..."

"Subiri, mke wangu. Niko kwenye mawasiliano."

"Ni dogo tu. Nilitaka kukwambia kwamba..."

"Najua unachotaka kusema. Unajivunia. Asante sana." Akageukia ukutani na kukoroma, kwa sauti ambayo hata Bwana Saruji angeisifu.

Asubuhi ya siku ya mwisho alirudi bafuni. Mshono ukafumuliwa tena. Safari hii zilikuwa zimeongezeka karatasi mpya, na moja ilimfanya akae wima. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu asiyezoea kuandika kitu kirefu. Mwandiko huo hakuutambua. Mkewe kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameandika mbele yake namba tu, shingo kumi na sita, kifua arobaini, na yeye hakuwahi kumwona akiandika sentensi.

Alisoma mpaka mwisho, akapangusa jicho. "Maskini mwanamke huyu!" alisema kwa huruma ya kweli kabisa. "Kuna wanaume hawana haya duniani!"

Hii, aliamua, ndiyo itakayompa kiti.

Walipanda kilima cha Njia ya Msalaba polepole, kituo kwa kituo, mpaka juu kabisa palipo na viti vya mawe na altare ndogo. Mfuko wa nia ukawekwa altareni. Kiberiti kilikuwa tayari mkononi mwa Paroko. Kabla ya kuuchoma, akampa Nabii dakika tano.

Fundi Kanzu alifumba macho. Tuseme alifumba moja. La pili alikuwa amelifumbua kidogo, analizungusha huku na huku kuona nani anamtazama.

"Ndugu zangu, leo nimeoneshwa jambo zito! Kuna mke hapa, machozi yake yamefika juu. Anasema hivi: Ee Mama, mume wangu si mtu mbaya. Tatizo lake ni mdomo!"

Watu wakaguna kwa huruma.

"Anasema: nikiulizwa jambo, anajibu yeye. Nikiumwa, yeye ndiye anayewasimulia watu maumivu yangu, na siku zote anayakosea!"

Kwenye kiti cha nyuma mtu alicheka kidogo, akajifanya anakohoa.

"Anasema: mume wangu akisali anafumba jicho moja tu, lingine analiacha wazi kuona nani anamtazama!"

Sasa wote thelathini na tisa waliliangalia lile jicho. Lenyewe lilikuwa linazunguka tu. Mkunga alijiziba mdomo kwa rozari. Bwana Saruji alianza kutikisika kiti kizima, na Fundi akadhani ni Roho anashuka.

"Mnaona? Linawagusa! Ndugu zangu, ndoa ngapi zinakufa kwa sababu ya wanaume wa namna hii? Wanajisifu barabarani, nyumbani hawasikilizi! Mungu awasamehe!"

Mkunga akanyanyua mkono taratibu. "Fundi, huyo mume amebaki nyumbani, au yuko hapa?"

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Mtu mwenye akili angesema mbingu haikumfunulia. Lakini nabii gani huyo asiyejua!

"Yuko hapa!" akanguruma Fundi. "Hapa hapa kilimani! Namwona kama ninavyokuona wewe!"

"Una hakika?"

"Dada, unabishana na maono? Yuko hapa, na mke wake yuko hapa, wamekuja pamoja!"

"Maana mimi ni mjane," alisema Mkunga. "Mwalimu Mkuu kaja peke yake. Bwana Saruji mkewe kabaki dukani. Katika watu wote hawa, waliokuja mke na mume ni nyinyi wawili tu. Mama Vifungo, wewe unasemaje?"

"Mke wangu hana la kusema!" akajibu Fundi.

Ndipo kilima kizima kikalipuka! Bwana Saruji aliteleza kutoka kwenye kiti cha mawe akaketi chini, machozi yanamtoka kwa mara ya pili hija hiyo. Fundi Kanzu alifumbua na lile jicho jingine. Aliwatazama watu, akamtazama mkewe, na neno kwa neno ile karatasi ilianza kupita upya kichwani mwake. Shati alilonyooshewa jana likamlowa mgongoni.

Mama Vifungo alisimama. Hakuwa anacheka.

"Ombi lile niliandika mimi," alisema. "Nimelisali kimoyomoyo miaka mingi, na jana ndiyo mara ya kwanza kuliandika. Sikumwambia kiumbe chochote. Nilitaka kukwambia wewe, ukasema uko kwenye mawasiliano. Nikalikunja, nikalitumbukiza kwenye mfuko." Akamgeukia mumewe. "Sasa wewe, baba, umelisikia wapi?"

Vicheko vikakatika ghafla. Paroko alirudisha kiberiti mfukoni mwa kanzu yake. Akauinua mfuko, akaugeuza juu chini, na Mama Vifungo akasogea kuangalia, maana mishono ilikuwa kazi yake. Uzi wa buluu ulikuwa umetambaa chini ya kitambaa cheupe kutoka pembe hadi pembe, mshono safi kabisa, usio na dosari hata moja.

"Huu ni mkono wako," alisema mkewe. "Ukiwa na haraka unashona vizuri kuliko siku zote."

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama, kashika mtandio kwa mikono miwili. "Jana nilidhani Mungu amenisikia," alisema. "Nilidhani kuna mtu kule juu anajua habari za mwanangu. Kumbe ni wewe, na sindano yako!"

Fundi Kanzu alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu apate meno, hakikutoka kitu. Akashuka kutoka pale mbele, akaenda mpaka kwa yule mama, akapiga magoti kwenye mawe. "Mwalimu, nimekosa," alisema. "Nilitaka kura. Nilikuona unalia nikajua nimekosa, na bado nikaendelea." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, na haikuwa na madoido yoyote.

Mwalimu Mkuu alimwashiria ainuke.

"Fundi," alisema Paroko, "kuanzia sasa mpaka tutakapofika nyumbani, hutasema neno."

"Hata Amina, Padri?"

"Amina utaitikia kwa kichwa."

Mfuko ukachomwa. Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko hija yenyewe. Kwenye basi, Mama Vifungo alianza taratibu na habari za goti lake, kwamba ni la kushoto wala si la kulia kama watu walivyoambiwa. Akaingia habari za mama yake marehemu. Akamweleza kwamba hapendi chai ya tangawizi na hajawahi kuipenda. Fundi alisikiliza, maana angefanya nini? Lakini kwenye ndege, Bwana Saruji kabana mkono wa Mkunga anasali kwa sauti, watu walimwona Fundi amegeuza shingo yote kwa mkewe, na mke alipotulia kidogo, yeye alimgusa kiwiko aendelee.

Walipotua, afisa wa uhamiaji aliipekua pasipoti yake. "Mzee, umetoka wapi? Ulienda kufanya nini?"

Fundi alitikisa kichwa tu.

"Huyu ana nini?" afisa akauliza. "Anaumwa?"

"Hapana, afande," alisema Mama Vifungo. "Ndiyo kwanza anapona."

Jumapili ikafika, na uchaguzi ukafanyika baada ya misa ya pili. Wapiga kura walikuwa mia nne na kumi na mmoja. Fundi Kanzu aliichukua karatasi yake, akaishika muda mrefu, akaweka alama kwenye jina la pili, la Mkunga. Aliikunja kwa uangalifu kama kitambaa cha ghali. Alipotoka kwenye foleni alijisikia mwepesi, na kwa mara ya kwanza hakumtangazia mtu alichokifanya.

Katibu akasoma matokeo: "Mkunga, kura mia nne na kumi. Fundi Kanzu, kura moja."

Watu wakapiga makofi. Fundi naye akapiga. Kisha macho yakamjaa machozi. Kura moja! Yake mwenyewe alimpa mwingine. Katika parokia yenye watu elfu tatu na ushei, baada ya aibu yote ile, bado kuna mtu mmoja aliyemwamini, na huyo hawezi kuwa mwingine!

Alipenya katikati ya watu mpaka kwa mkewe, akamshika mikono yote miwili mbele ya kwaya zote mbili.

"Mke wangu," alisema kwa sauti iliyokatika, "dunia nzima imenipa mgongo, lakini wewe... kura ile moja... Sitaisahau mpaka naingia kaburini."

Mama Vifungo alimtazama, akaitazama karatasi ya kura ya mfano iliyobandikwa ubaoni, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Ehe!" alisema. "Kumbe jina la juu lilikuwa lako? Miwani nimeisahau dukani."